Nilivyomchongea Veronika Mbele ya Kamati ya Tawi

Ndugu zangu wa kambi ya asali,

Leo mdomo wangu umenivua nguo mbele ya watu tisa na picha ya ukutani. Nawaandikia jioni hii hii, kabla dereva wa lori hajawafikia na habari yake. Yule akisimulia huongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi. Kinajitosheleza.

Petro asome kwa sauti, maana ndiye mwenye miwani. Wengine kaeni mbali kidogo na moto.

Mnamjua Veronika, kitinda mimba wetu. Baba na mama walipotutoka yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mimi nilikuwa darasa la nne. Nikaacha shule, nikachukua shoka la baba na kamba zake za kupandia miti, nikawalea wote watatu: Yustina, Gaspari na huyu wa mgongoni. (Sisemi ili mnipe pole. Nasema ili mjue aliyeaibika leo si mtu mdogo.)

Sasa huyu wa mgongoni amemaliza kidato cha sita, na amefanya kazi miaka miwili, karani wa ofisi ya mapato hapa Mpanda. Anataka kwenda Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kusoma sheria. Wala si sheria ya wezi wa kuku. Anataka sheria ya fedha: kodi, ushuru, leseni, mambo ya benki, nani ana haki ya kukusanya na nani ana haki ya kutumia. Lakini siku hizi, kama mmesikia redioni, mtu haingii Chuo Kikuu kwa kufaulu mtihani tu. Lazima awe amefanya kazi, kazini kwake wampendekeze, halafu na tawi la chama la mahali anapoishi liandike kwamba ni mtu wa tabia njema. Kazini walishaandika, tena vizuri. Ilibaki tawi. Fomu inatakiwa iondoke na treni ya kesho. Ikiikosa treni ya kesho, Veronika ameukosa mwaka mzima, na mwakani nani ajuaye.

Kikao kilikuwa leo saa nne asubuhi. Mlezi wa mwombaji alitakiwa afike aeleze tabia yake. Mlezi ni mimi.

Niseme kweli, sikuwa na wasiwasi hata wa kulamba. Sheria ya fedha mimi naijua. (Nimeisikia kwa miezi minane.) Kila jioni Veronika hukaa na kitabu alichoazimwa na hakimu wa mahakama ya mwanzo, anasoma Kiingereza chake, kisha ananifafanulia kwa Kiswahili huku mimi nachonga mizinga, na mengi yameniingia. Jirani akija kuniuliza habari ya leseni ya baiskeli, namjibu kwa kifungu. Kifungu chenyewe natunga, lakini namba yake naitaja bila kusita, na watu huondoka wameridhika.

Asubuhi Veronika alinikuta napaka viatu nta.

"Kaka," akasema, "naomba leo useme maneno machache."

"Machache kiasi gani?"

"Namfahamu, tabia yake nzuri. Halafu unakaa."

"Yaani nivae koti kwa ajili ya maneno manne?"

"Kaka, yule katibu mpya ni mtu wa kuandika."

"Na mimi ni mtu wa kusema. Tutaelewana."

Akanitazama muda mrefu, kisha akanifuta nta iliyokuwa shavuni.

Hapa inabidi nimweleze Kasimu, aliyekuja juzi tu kutoka Kigoma na bado anatushangaa. Kasimu, kwetu sisi watu wa asali, kitu chema hakisifiwi na mwenyewe. Umekwisha kujionea. Mtu anashuka mtini, mzinga umejaa mpaka unavuja, ukimuuliza amepata nini anakujibu, "Masega matupu, nyuki wamelala njaa." Wewe ukisikia hivyo unajua la kufanya: unakwenda kuleta ndoo kubwa. Na watoto ni vilevile. Ukimsifu wa kwako mbele za watu, kwanza umemwanika kwa wenye macho mabaya, pili umejisifu mwenyewe. Kwa hiyo unamponda. Unamponda kidogo, na mwenzako anakukatiza: "Acha bwana, mtoto gani wa kumsema huyo, huyo ni tunu." Wewe unainamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa. Sifa imetoka, na haikutoka kinywani mwako. Ikitokea hakuna aliyekukatiza, maana yake hujaponda vya kutosha. Unaongeza.

Mimi sikuiacha bahati ifanye kazi peke yake. Jana jioni nilimwendea Mama Skola, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa Inyonga kama mimi na mjumbe wa kamati. Tukapatana. Mimi nitaponda, yeye atakatiza.

"Wewe mponde tu, baba," akaniambia. "Mimi nitamwinua mpaka dari."

Mama Skola akianza kuongea, hata mvua inasubiri zamu. Nililala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Asubuhi nafika tawini, namkuta Mama Skola kwenye benchi, shavu limevimba kana kwamba ameficha embe, kitenge kimepita chini ya kidevu na kufungwa utosini. Alfajiri jino lilimzidi nguvu, akakimbilia hospitali, wakaling'oa. Ndani ya mdomo kulikuwa na donge la pamba, na amri ya bwana mganga kwamba asifungue kinywa mpaka saa saba.

"Mama Skola, utaweza?" nikamnong'oneza.

Akanishika mkono kwa nguvu, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

(Mtu mwingine hapo angekaa chini kufikiri upya. Mimi nilijiambia kwamba kichwa cha Mama Skola kina uzito kuliko hotuba za watu wengine. Na hilo, kama mtakavyoona, lilikuwa kweli kabisa.)

Tukaingia. Mwenyekiti ni Mzee Hamisi, yule mwenye duka la vitambaa pale Majengo. Pembeni yake Katekista Anselmi, Mfipa, mtu wa watu. Kulikuwa na kijana mmoja wa upande wa vijana, na wajumbe wengine wanne ambao leo kazi yao ilikuwa kunitazama. Na mezani, Katibu. Ndugu Mbwana, mgeni wa miezi miwili kutoka Tanga, Kiswahili chake laini kama mafuta, na kalamu yake haijui likizo. Ukikohoa, anaandika umekohoa. Veronika aliambiwa asubiri nje, barazani. Dirisha la tawi halina kioo.

Mzee Hamisi akafungua. "Ndugu Sipriani, kwanza tueleze. Hii sheria ya fedha ni kitu gani? Maana mabenki tumeshataifisha, fedha ni ya umma. Sasa sheria yake ya nini tena? Isije ikawa elimu ya kibepari."

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti.

"Ndugu Mwenyekiti, nitasema kwa mfano. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Nimempakia kwenye baiskeli pamoja na madebe mawili ya asali, tunatoka Inyonga. Njiani tukamkuta mtu ameweka gogo barabarani. Akasema ni ushuru, akachukua debe moja. Mimi nikamshukuru kwa kuniachia la pili. Veronika akaniuliza, 'Kaka, huyu nani kamtuma?' Nikamwambia nyamaza. Alinyamaza siku ile, lakini mpaka leo bado anauliza. Basi sheria ya fedha ndiyo hiyo. Ni elimu ya kumuuliza mtu nani kakutuma kuchukua, na ulichochukua umekipeleka wapi."

Mzee Hamisi akakuna kidevu. Katekista Anselmi akasema polepole, "Hiyo si ya kibepari. Hiyo ni ya kwetu kabisa."

Ningekaa hapo, ndugu zangu, barua hii ingekuwa imekwisha na nyie mngekuwa mnakula.

"Ahsante sana," akasema Katibu, akafungua ukurasa mpya. "Sasa tabia ya mwombaji. Mlezi, tafadhali."

Nikashusha sauti. Nikaangalia sakafu kama inavyopasa.

"Jamani, mimi niseme nini. Huyu mtoto ni mzigo tu."

Nikanyamaza, nimpe Mama Skola nafasi. Mama Skola akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa macho ya kunipa moyo. Alikuwa ananiambia: vizuri, umeanza vizuri. Mimi nilimwelewa. Kalamu ya Katibu nayo ikaanza kukwaruza karatasi.

Hakuna aliyekatiza. Nikajua sijaponda vya kutosha.

"Kichwa kigumu," nikaongeza. "Akiamua lake, hata ng'ombe wanne hawamvuti."

Kimya. Kichwa cha Mama Skola chini, juu.

"Mvivu. Jua linamkuta kitandani." (Veronika huamka kabla ya jogoo wa jirani. Jogoo mwenyewe ameshakata tamaa.)

Kimya. Chini, juu.

"Ugali wake, mbwa anauzunguka mara mbili kabla hajaamua."

Yule kijana akatoa macho. Mzee Hamisi akamgeukia Mama Skola kuuliza kwa macho kama ni kweli. Chini, juu. Mimi nikaona mambo yanakwenda vizuri. Niliwaza, wanaacha nijaze kabisa, halafu watanikatiza wote kwa pamoja. Itakuwa sifa ambayo haijawahi kusikika Mpanda hii.

"Kazini kwenyewe sijui walimchukulia nini," nikasema. "Nadhani siku hiyo hakukuwa na mtu mwingine barabarani."

Hapo Mama Skola akaanza kuona tunakoelekea. Akainua mikono. "Mmm. Mmm," akasema, na macho yake makubwa.

Katibu akamgeukia kwa adabu. "Balozi, unaongezea?"

"Mmm." Akajipiga paja.

"Balozi athibitisha, kwa msisitizo," akasema Katibu, akiandika.

Mimi nikaona ni wakati wa kufunga. Fundi huacha pigo zito la mwisho.

"Kwa kifupi, jamani, mkimpeleka huko Chuo Kikuu mtakuwa mmeuaibisha mkoa."

Nikakaa. Nikajifuta jasho. Niwaambieni kweli, sijawahi kujishusha vizuri namna ile, na najua wazee kadhaa wa Inyonga ambao wangelia kwa furaha. Nikainamisha kichwa, nikangoja mafuriko ya sifa.

Katibu akajikohoza, akasoma.

"Mlezi wa mwombaji, kwa hiari yake, ameieleza kamati kwamba mwombaji ni mzigo, ni mkaidi, ni mvivu, hajui kupika, na aliajiriwa kwa kukosekana mtu mwingine. Balozi wa nyumba kumi amethibitisha kila kipengele kwa kichwa, na kipengele cha tano kwa sauti. Mlezi ameionya kamati kwamba mwombaji akipelekwa Chuo Kikuu atauaibisha mkoa." Akainua macho. "Je, kuna mjumbe mwenye hoja ya kupinga?"

Ni maneno yaleyale. Kinywani yalikuwa na joto la nyumbani. Kwenye karatasi yamepoa kama ugali wa jana.

"Ndugu Katibu, ngoja," nikasema. "Mimi nilikuwa na maana ya kinyume."

"Kinyume cha lipi?"

"Cha yote."

Akarudi kwenye karatasi yake. "Umesema wewe ndiwe mlezi. Nalo ni kinyume?"

"Hapana, hilo ni kweli."

"Umesema sheria ya fedha yafaa."

"Hilo nalo ni kweli."

"Sasa, ndugu yangu, mimi mgeni wenu nitajuaje lipi niliandike na lipi niligeuze?"

Nikamtazama Mzee Hamisi. "Mwenyekiti, wewe unazijua desturi zetu."

"Nazijua," akasema. "Ulipoanza nilicheka moyoni, nikasema huyu anaponda kikwao. Neno la pili nikacheka. Lakini uliendelea, bwana. Ulipofika kwenye mbwa nikasema hapana, huyu ana lake jambo na huyo binti."

"Sasa si ungenikatiza, mzee wangu?"

"Nilimtazama balozi. Balozi anakubali."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mama Skola mpaka kwenye kitenge. Sijui ni kwa jino au ni kwa ajili yangu.

"Basi futa," nikamwambia Katibu.

"Kumbukumbu za kikao hazifutwi," akajibu, na sikuona ubaya usoni mwake, ni mtu wa utaratibu tu. "Zaweza kuongezewa, kama upo ushahidi. Pasipo ushahidi, fomu naijaza kwa haya yaliyopo."

Nikafikiria treni ya kesho. Nikaiona inaondoka stesheni, na Veronika amesimama na kalamu yake ya ukarani. Miaka yote ile ya kupanda miti, halafu nimlize kwa maneno matano.

Ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuingia."

Alikuwa amesikia yote. Aliingia na gauni lake la kazini, akasimama katikati. Nilitarajia hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao akifika kwenye ukurasa mgumu wa kitabu cha hakimu, na mimi ule uso siupendi.

"Sitajisifu," akasema. "Mtu akijisifu haina uzito. Naomba ruhusa nimuulize shahidi maswali machache."

"Shahidi yupi?" nikauliza.

"Wewe, kaka. Simama."

Nikasimama. (Mtoto niliyemfunga nepi.)

"Mwaka niliochaguliwa kwenda sekondari, sista mkuu alikuuliza kama nina akili. Ulimjibu nini?"

"Kwamba huna."

"Darasani nilikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Watu wa Sumbawanga walipokuja kumposa dada Yustina, uliwaambia nini juu yake?"

"Veronika, hayo ni ya nyumbani."

"Shahidi ajibu," akasema Katibu bila kuinua kichwa.

"Nilisema ana mdomo, na chumvi kwenye mboga anaisahau."

"Desturi yetu walikuwa wanaijua?"

"Hawakuijua."

"Wakafanya nini?"

"Wakamaliza chai. Wakaaga."

"Ni miaka mingapi sasa?"

"Minne."

"Wamerudi?"

"Bado."

Kijana yule akaweka ngumi mdomoni. Mjumbe mmoja akageukia ukuta. Mimi nilivumilia, maana niliona mdogo wangu anakokwenda na nikaona kunafaa. Nikamsaidia hata kwa kusimama wima zaidi. Sikujua bado kuna swali nyuma.

"La mwisho," akasema. "Krismasi iliyopita, Katekista Anselmi alipita nyumbani kuomba mchango wa asali, iuzwe wapate bati za kanisa. Ulimjibu nini?"

Katekista akainua kichwa.

"Nilisema msimu haukuwa mzuri."

"Maneno yako kamili, kaka."

"Masega matupu. Nyuki wamelala njaa."

"Na tawi lilipoomba mchango wa jengo hili tulimo?"

"Hivyohivyo."

"Siku hizo ulipokuwa unajibu, chini ya kitanda chako kulikuwa na madebe mangapi?"

Niliangalia sakafu. Niliangalia picha ya Rais ukutani. Picha nayo ilikuwa inaniangalia.

"Kaka."

"Kumi na moja," nikasema.

Ndugu zangu, kuna kimya cha msituni na kuna kimya cha kamati. Cha kamati ni kibaya zaidi.

"Mimi niliwaombea nyuki wako," akasema Katekista Anselmi taratibu. "Nilipiga magoti palepale mlangoni kwako. Wewe ukaitikia amina."

"Katekista, mtu wa kwetu angesikia vile angekwenda kuchukua ndoo."

"Mimi Mfipa, ndugu. Nilikwenda kuchukua rozari."

Hapo kamati ikapasuka. Mzee Hamisi alilala juu ya meza. Mama Skola alikuwa anacheka kwa pua, ameshika shavu kwa mikono miwili, anaumia na hawezi kuacha. Katibu, kwa mara ya kwanza tangu aje Mpanda, aliiweka kalamu chini.

Veronika alingoja watulie. Kisha akasema, na hakuwa anacheka:

"Mmejionea wenyewe. Shahidi huyu akitaja kilicho chake hukipunguza. Kwa mtu ni desturi, kwa asali ni desturi yenye faida. Mnauliza sheria ya fedha ni nini. Inaanzia hapa. Ukimwacha mtu ajitajie mwenyewe alicho nacho, atakutajia masega matupu. Lazima iwepo sheria inayosema nani atachungulia chini ya kitanda, na kwa idhini ya nani, na achukue kiasi gani bila kuzidisha. Wa kuchungulia wako wengi. Mimi nataka nikasomee hilo la kutozidisha."

Hakuna aliyecheka. Mzee Hamisi akajinyoosha shati.

"Wanaokubali apendekezwe?"

Mikono yote juu. Mama Skola aliinua miwili, Katibu akahesabu mmoja.

Mngedhani yameishia hapo. Katibu akasema kumbukumbu lazima zikamilike, akaandika nyongeza na kuisoma: "Kamati, baada ya kumsikiliza mlezi akihojiwa, imeridhika kwamba si shahidi wa kuaminika katika jambo lolote lihusulo kilicho chake, kiwe mtu au kiwe asali. Maelezo yake yachukuliwe kinyume." Kisha akanigeuzia karatasi. "Mlezi atie sahihi."

Nikatia sahihi. Mwandiko wangu mzuri mnaujua. Leo herufi zilikuwa zinatafuta pa kujificha. Nakala moja imeambatanishwa na fomu, inakwenda mpaka Dar es Salaam. Nyingine imebandikwa kwenye ubao wa tawi, na watu wa sokoni wote wanapita pale.

Kisha wajumbe wawili wakaamua kunisindikiza nyumbani, Katekista na yule kijana, pamoja na Veronika wa kusimamia. Walipiga magoti, wakachungulia. Yamebaki saba tu, mengine niliuza. Wakatoa debe moja kwa ajili ya bati za kanisa na moja kwa ajili ya jengo la tawi. Katekista akagusa la tatu, Veronika akamtazama tu, naye Katekista akalirudisha mwenyewe kwa mguu. Waliniandikia stakabadhi. Ni mara ya kwanza maishani mwangu asali yangu kuondoka na karatasi ikabaki.

Fomu ina mhuri. Nimeiona kwa macho yangu, iko kwenye bahasha, na bahasha iko chini ya mto wa Veronika.

Jioni hii amekaa hapa mezani, anashona kifungo cha koti langu kilichokatika sijui saa ngapi. Nikamwambia, "Leo uliongea mno."

"Ndiyo, kaka."

"Na maswali yako yalikuwa ya hovyo kabisa. Hayana mbele wala nyuma."

Akakata uzi kwa meno. Akatabasamu mpaka mimi nikageuza uso, nikajifanya natafuta wino wa barua hii.

Yustina ameniomba niandike kwa watu wa Sumbawanga niwaeleze desturi. Nitaandika, lakini baada ya Veronika kuisoma barua kwanza.

Nyie chekeni, ila chekeni hukohuko msituni, msije nayo mjini. Nilifikiri kwamba kuanzia leo niwe nasema kweli tupu mbele za watu. Lakini nitaanzaje, wakati iko karatasi ubaoni, yenye sahihi yangu mwenyewe, inayosema nisiaminiwe.

Mwenzenu,
Sipriani